Mkunga Anaanza na Mikono

Mkwe wangu ndiye aliyekabidhiwa tableti, si mimi. Nalisema mapema, msije mkadhani nasimulia wivu wa watu wengine.

Katika ile nyumba ya kutunzia wazee nimefanya kazi miaka kumi na minne. Vyumba vinane, wazee kumi na watano, na ua mmoja wa kuanikia shuka. Mkwe wangu, mke wa mwanangu mkubwa, nilimwombea kazi pale kwa mdomo wangu huu huu. Nikamfundisha kumgeuza mtu kitandani bila kujivunja mgongo. Kikulacho ki nguoni mwako, nanyi mnajua.

Basi ukaja msaada. Kuna mfuko unaozisaidia nyumba za wazee kuacha madaftari na kuandika kwenye mashine. Wakatuletea tableti nne, na mikeka myembamba ya kuweka chini ya godoro, mzee akishuka kitandani kengele inalia ofisini. Hiyo ilikuwa nusu ya kwanza. Nusu ya pili, ya vyumba vya nyuma, ingekuja mkaguzi wao akisharidhika kwamba kila mzee ana ukurasa wake mle, na kwamba mhudumu yeyote akiusoma anaweza kumhudumia mzee yule hata kama hajamzoea.

Meneja akatukusanya jikoni. "Atakayesimamia mambo ya tableti ni huyu binti," akasema, akamgusa mkwe wangu begani.

Binti! Ana watoto watatu, wajukuu zangu.

Mpishi akanigeukia na mwiko wake. "Haya Bibi, nyumbani yeye mkwe, hapa yeye mkubwa. Sasa asubuhi nani anamwamkia mwenzake?"

Wakacheka. Na mimi nikacheka, kwa meno.

Mimi nilisoma mpaka darasa la nne. Kuandika najua, ila polepole, na herufi zangu ni kubwa kama za bango la dukani. Mkwe wangu vidole vyake vinaruka kama kuku anayedonoa mtama. Akawa anapita kitanda kwa kitanda: huyu anapenda nini, yule anaogopa nini, huyu anatafunia upande gani. Na majibu anayatoa wapi? Kwangu. Miaka yangu kumi na minne ikamezwa na kile kioo kwa wiki mbili tu. Zamani ungesikia ukumbi mzima, "Bibi! Bibi, njoo mara moja, mzee amekataa dawa!" Sasa kimya. Wanainamia kioo, wanasoma, wanakwenda. Hata wasichana walioanza kazi juzi.

Roho iliniuma, sitaficha. Nikabakiza kitu kimoja, nikakikalia kama kuku na yai. Mkunga.

Mkunga ni bibi aliyezalisha wanawake miaka arobaini, halafu akili ikamtoka kidogo kidogo. Kula anakula, dawa anameza, lakini kuoga ni vita. Kucha, ngumi, meno. Kwa kila mtu isipokuwa mimi.

Siri yenyewe niliipata baada ya kumwagiwa maji mwaka mzima. Ukimwambia, "Twende ukaoge," umekwisha. Mimi namwambia, "Mkunga, kuna mzazi, uchungu umemshika. Nawa mikono." Hapo anainuka mwenyewe. Ananawa kuanzia kucha, anasugua kati ya vidole, anapanda mpaka viwiko, kisha anainua mikono juu maji yachuruzike. Akifika viwiko, mimi napokea: mabega, mgongo, mpaka nyayo, na yeye hana habari, anahesabu uchungu wa mtu ambaye hayupo, na mimi ananiita mwenzake wa kuzalisha.

Mkwe wangu aliniuliza, "Mama, Mkunga unamfanyaje mpaka akubali?"

"Subira tu, mwanangu."

Nikamwona anaandika: *Subira.*

Akaniuliza tena nyumbani, tukichagua mchele. Alipandisha mkono wa gauni, nikaona alama za meno. "Mama, niambie basi. Ananitafuna mimi."

"Atakuzoea."

Moyoni nikasema: hiki hunipokonyi.

Mkaguzi alikuja siku ya Alhamisi, mwanamke mrefu mwenye viatu vya raba, sauti ya chini. Akapekua kurasa kwenye tableti, akachagua moja. Ya Mkunga. Akamchagua na mhudumu. Mkwe wangu. "Nataka nione anavyoogeshwa mtu kwa kufuata maandishi."

Mimi nilikuwa uani nakunja shuka. Dirisha la bafu linatazama pale pale. Nikasogea.

"Bibi, maji yako tayari, ya uvuguvugu, njoo tuoge," mkwe wangu akamwambia Mkunga.

"Wewe nani?"

"Mimi mjukuu wako."

"Sina mjukuu mwenye pua kama hiyo! Toka!"

Kopo likaanguka. Maji yakamwagika. Mkwe wangu akabembeleza, akaomba, akasubiri, maana ndivyo ilivyoandikwa, subira. Mkunga akapiga yowe la kumtoa nyoka pangoni. Na mimi huku nje, jamani, nilikuwa nasikia raha kama mtu anayekunwa mgongo. Shuka ile ile niliikunja mara tatu.

"Bibi!" Meneja akaita. "Bibi, njoo utusaidie!"

Nikaenda kwa mwendo wa mtu anayehitajiwa. Mkwe wangu amelowa mpaka kilemba. Mkunga yuko pembeni, anatetemeka, taulo kalikumbatia kifuani. Nikawatoa wote nje, nikafunga mlango, nikasema maneno yangu kwa kunong'ona wasije wakayadaka. Hazikupita dakika ishirini tukatoka, Mkunga amepakwa mafuta, ananukia sabuni. Nikamtazama mkwe wangu usoni. Nilitaka aone.

"Hongera, mama," akasema mkaguzi. "Siku zako za mapumziko ni zipi?"

"Jumatano na Jumapili."

Akanigeuzia tableti. "Hebu soma hapa. Usiharakishe."

Nikasoma kwa kidole. Miezi miwili ilikuwa imepangwa mstari kwa mstari, siku ya kuoga ina alama ya kijani, siku ya kukataa nyekundu. Jumapili: amekataa. Jumatano: amekataa, amekesha na nepi iliyolowa. Jumapili: amekataa, analia, anauliza mwenzake yuko wapi. Jumatano nyekundu. Jumapili nyekundu. Kisha ile wiki niliyolala na malaria, nyekundu siku zote saba, na mwishoni: ngozi ya kiuno imechubuka.

Kidonda kile nilikijua. Nilikiuguza mwenyewe niliporudi, nikawasema wenzangu kwamba ni wavivu. Kila Jumatatu nilikuwa namkuta Mkunga ananuka, nikisema, "Mnaona? Bila mimi mambo hayaendi." Enzi za daftari, siku nisizokuwepo hakuna aliyekuwa akiandika kitu. Kumbe mkwe wangu alikuwa anaandika yote, na nyumbani hakuwahi kunitupia hata neno.

"Nusu ya pili siwezi kuipitisha leo," mkaguzi akamwambia meneja. "Ukurasa huu haujakamilika. Nitarudi mwezi ujao."

Akaondoka. Meneja akanitazama, akaingia ofisini. Mkwe wangu akabaki ukumbini anakamua kilemba chake. Afadhali angenitukana.

"Lete hiyo sahani yako ya kioo," nikamwambia.

"Mama?"

"Lete uandike. Futa hiyo subira."

Akakaa kwenye benchi. Mimi nikasimama, maana kukaa nisingeweza. "Usimwambie aoge. Mwambie kuna mzazi, uchungu umemshika. Mwambie anawe mikono."

Vidole vikadonoa. Kila neno lilinitoka kama jino.

"Akishanawa nimpe taulo?"

"Hapana! Anainua mikono, maji yachuruzike yenyewe. Ukimpa taulo anakumbuka bafu. Akifika viwiko unapokea wewe, unaanza na mabega."

"Mabega," akaandika. "Na akiuliza mwenzake yuko wapi?"

Mpishi alipita na sufuria, akatutazama, kwa mara ya kwanza hakuwa na utani. Ningeweza kusema mwambie anakuja kesho. Lingekuwa jibu zuri tu, na lingenibakizia mahali pangu.

"Mwambie ni wewe," nikasema.

Akanitazama kabla ya kuandika. Kisha akaandika.

Mkaguzi alirudi, vyumba vya nyuma vikapata mikeka na tableti zao, meneja akatununulia soda. Hayo yalikuwa ya furaha na wengine watayasimulia vizuri kuliko mimi. Mimi nawaambia ya Jumapili ile ya kwanza, siku ya tatu tangu nimwandikishe. Saa nne, saa ya kuoga, nilikuwa nyumbani naosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Nikafagia. Nikawagombeza wajukuu kwa kosa ambalo hata sasa silikumbuki. Mkwe wangu aliporudi jioni sikumwacha avue viatu.

"Alioga?"

"Alioga, mama. Hata hakubisha."

"Mikono aliinua?"

"Aliinua."

"Ulianza na mabega?"

"Nilianza na mabega."

Nikapanga vikombe. Nikavipangua.

"Aliniulizia?"

Mkwe wangu si mwongo, nitampa haki yake. Aliinama akafungua kamba ya kiatu kimoja, akahamia cha pili.

"Hapana, mama."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Siku zote akirudi kazini humpakulia mimi mwenyewe. Siku hiyo nilimwambia chakula kiko jikoni, ajipakulie.