Mibono Shambani kwa Hironimus

Mume wangu Hironimus hana ugomvi na upuuzi, mradi uje umevaa tai.

Ulikuja miaka ile ya soko huria, kila aliyeshuka Songea na mkoba tukimwita mwekezaji. Wetu aliitwa Goodluck, mtaalamu wa kampuni iliyotaka kijiji chetu kizima cha Mshangano kilime mibono. Mbegu zinakamuliwa mafuta, mafuta yanaendesha magari badala ya dizeli, na dunia inapona. Alituhubiria hayo ameegemea gari lake, nalo linanguruma muda wote, maana likizimwa haliwaki bila kusukumwa. Moshi wake ulitukohoza sote.

"Mama, mbono hauchagui ardhi," aliniambia. "Unamea hata kwenye mawe."

"Basi tuupande kule kwenye mawe."

Akacheka. "Utamea, lakini hautazaa. Ukitaka mafuta, upe shamba zuri na mbolea."

Mbolea ikaja kwa lori la dizeli. Miche nayo ikaja imevaa viriba vya plastiki, vikachanwa na kutupwa palepale shambani. Naviokota mpaka leo, dunia ikiwa bado inapona.

Nilimsihi Hironimus tupande mibono mpakani tu, mahindi yabaki. Hatukuwa na shamba jingine, na kihenge chetu kilijazwa na lile.

"Kunegunda, wewe unawaza ugali tu," alisema. "Wenzako wanawaza hewa."

"Hewa hiyo utaila na likolo la mboga gani?"

Mvua za kupandia ziliponyesha, akapanda mibono shamba zima, kwa mistari iliyonyooka. Mahindi hajawahi kuyanyooshea mistari namna ile.

Kwetu mbono hupandwa kichwani mwa kaburi. Wazee hawakuwa wajinga. Mti ambao hata mbuzi anaukataa, wenye mbegu za kutapisha watoto, waliona unafaa kukaa na wasiokula. Mama mkwe alipouona umejaa shambani alifanya ishara ya msalaba, akarudi kwake bila kunywa hata maji.

Mwaka wa kwanza mibono haizai. Hilo Goodluck alilisema mwishoni kabisa, akifunga mlango wa gari. Ilipokaribia kuzaa, mafuta ya kuchimbwa yakashuka bei huko duniani, na kampuni ikakumbuka kwamba dunia inaweza kusubiri. Goodluck hatukumwona tena. Panya walihama kihengeni, na mimi nikaanza kupika maboga asubuhi na jioni, nikiwadanganya watoto kwamba ugali utakuja kesho.

Ndipo mtu wa kwetu Madaba, nilikozaliwa, akapita na basi, akaiona ile mibono mirefu, mstari kwa mstari. Alifikisha habari alivyoielewa.

Nilikuwa uani namenya boga niliposikia kilio kutoka shambani. Shangazi Leticia alikuwa mbele, kitenge kiunoni, na nyuma yake wanawake wa ukoo wetu wamejitwika ndoo za unga.

"Wote hawa!" alilia akinikumbatia. "Ugonjwa gani umewamaliza watu namna hii?"

Hironimus akatoka ndani, mzima, anakuna tumbo. Wanawake wakapiga kelele, mmoja akadondosha mzigo. Yeye akaanza kuwaeleza habari za hewa na dizeli, neno kwa neno alivyofundishwa. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akainama kuchukua ndoo yake.

"Kama hakuna msiba, tunarudi na unga wetu. Hizi ni rambirambi, hazichezewi."

Aibu ilinichoma, lakini watoto walikuwa wamesimama mlangoni wanautazama ule unga. Nikaikalia ndoo.

"Shangazi, msiba upo," nikasema, na machozi yaliyonitoka yalikuwa ya kweli. "Tumezika shamba."

Alinitazama, akawatazama watoto, akatandika mkeka. Wanawake wakakoka moto.

Hironimus aliketishwa nje, mahali pa mfiwa. Alipoletewa ugali wa rambirambi aliula wote, akalamba vidole, kisha akatuma aongezewe.