Kahawa ya Mama Mkwe

Mwaka ule mji mzima ulikuwa umeingiwa na wazimu wa kahawa. Palipokuwa na duka la magodoro, wakafungua mgahawa wa kahawa. Palipokuwa na stoo ya mbao, mgahawa wa kahawa, na mbao zenyewe wakazigeuza viti. Mlinzi wa benki, ambaye zamani alikuwa anakunywa chochote ilimradi kina sukari, sasa anafumba macho, anasogeza kikombe puani, anasema hii imekaangwa juzi. Juzi! Mtu ambaye ukimuuliza amekula nini jana anakuna kichwa.

Katika mji huo alikuwepo Fundi. Fundi cherehani, mume wa mtu, baba wa watoto wawili, mwoga wa kupindukia, lakini kwenye nguo mkono wake usiulize. Cherehani yake ilikaa barazani kwa mama mkwe wake, na mama mkwe wake alikuwa anauza kahawa. Baraza lilikuwa la bure. Waliokuja kunywa ndio hao hao waliokumbuka zipu zilizoachia na magauni yaliyobana. Bila baraza lile Fundi alikuwa hana mbele wala nyuma, na yeye mwenyewe alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Sasa hiyo kahawa. Jamani! Mama Mkwe alikuwa anakaanga buni mpaka moshi mweusi unatanda na majirani wanaanua nguo zao, halafu anaongeza dakika kumi. Ukipiga funda moja, ulimi unakufa ganzi mpaka adhuhuri. Lakini benchi lake halikukosa watu, kwa sababu pale ndipo penye stori, na kwa sababu Mama Mkwe alijua mtoto wa nani anaumwa na shemeji wa nani amerudi na masanduku. Watu walikunywa, wakageukia barabarani, wakakunja uso huko huko, kisha wakageuka tena wanatabasamu. Kusema? Nani aseme? Fundi viatu aliwahi kusema. Alisema hivi tu: "Leo imeungua kidogo, mama." Kidogo tu! Kabla ya saa sita mchana kigoda chake, brashi zake na kiatu kimoja cha mteja vilikuwa upande wa pili wa barabara, na mpaka leo yuko huko huko juani.

Fundi alikunywa kahawa ile miaka kumi na mmoja. Mtu akimwona anavyoimeza angedhani anapenda.

Kilichomponza ni mvua. Zahanati moja ilikuwa imempa kazi ya kushona makoti meupe, na siku hiyo alikuwa anakwenda kupeleka la mfano, amelitundika mkononi, mvua ikamkuta mtaa wa tatu. Akakimbilia mlango wa kwanza aliouona. Kumbe ni mgahawa wa vioo, ule mpya, wenye mashine inayopuliza mvuke kama treni. Aibu ya kusimama bure ikamfanya aagize kikombe. Dada wa mashine akamuuliza, "Jina, nikimaliza nikuite?" Maana huko ndivyo wanavyofanya, wanaandika jina kwenye kikombe, kikiwa tayari wanaliita kwa sauti mgahawa mzima usikie. Fundi roho ikamruka. Jina lake liitwe hapa, mitaa mitatu tu kutoka kwa Mama Mkwe? Akaangalia huku na huku, macho yakaangukia lile koti mkononi.

"Daktari," akasema.

Kikombe kikaja. Juu kina povu, juu ya povu wamechora jani. Fundi akanywa, akaangalia ndani ya kikombe, akanywa tena. Kumbe kahawa ina utamu wake! Kumbe mtu anaweza kunywa akabaki na ulimi wake! Miaka kumi na mmoja ikampita kichwani, kikombe kwa kikombe, akataka kulia.

Tangu siku hiyo akawa anatoroka. Saa nne anaaga anakwenda kununua uzi, anarudi hana uzi. Barazani akamwambia Mama Mkwe kwamba tumbo linamsumbua, ameambiwa aache kahawa.

"Nani kakuambia?" Mama Mkwe akamuuliza huku amemkazia jicho.

"Daktari, mama."

Na kule mgahawani udaktari ukakolea. Walimpa kiti cha pembeni, nyuma ya mmea mkubwa, akajificha vizuri. Dada wa mashine akamuuliza juu ya goti lake. Akamwambia anywe maji mengi na alale mapema. Kijana wa kompyuta akamuuliza juu ya mgongo. Maji mengi, alale mapema. Wiki ya pili wakaanza kumpa keki bure, kwa sababu goti la dada lilikuwa limepona. Hapo ndipo angetakiwa kukimbia, lakini keki ilikuwa tamu.

Basi asubuhi moja amekaa nyuma ya mmea wake, anasubiri, akasikia, "Daktari! Daktari!" Akainuka taratibu kama mtu mwenye cheo, akaja mbele na mkono ameunyoosha kupokea kikombe. Hakukuta kikombe. Alikuta watu wamezunguka, na sakafuni mwanamke mtu mzima amelala chali, mtandio umemfunika nusu ya uso, mikono inatetemeka.

"Mpisheni daktari!" dada wa mashine akapiga kelele. "Mama huyu ameanguka ghafla, anasema moyo unataka kutoka!"

Fundi akautazama ule mtandio. Upindo wake alikuwa ameushona yeye mwenyewe, mwezi uliopita, kwa mshono wa mkono. Akajikuta amepiga magoti, watu wakadhani ndiyo anaanza kazi.

Mama Mkwe alikuwa amefumba macho. "Daktari," akasema kwa sauti ya mtu anayeaga dunia, "ndiyo basi tena?"

Fundi akakohoa, akashusha sauti mpaka tumboni. "Mama umekula nini?"

"Sikula. Nimekunywa. Vikombe viwili vya kahawa ya hapa." Akashika kifua. "Daktari, mimi nakufa, acha niseme. Nina siri. Nauza kahawa mwaka wa ishirini na sita huu, na sijawahi kuinywa hata siku moja."

"Hujawahi?" Sauti ya Fundi ilipanda yenyewe, akairudisha chini haraka. "Hujawahi, mama?"

"Nilipokuwa na mimba ya binti yangu, kabla sijaanza kuuza, harufu yake ilinikataa, nikaapa sitaiweka mdomoni. Kile kikombe changu barazani ni chai ya rangi. Lakini wateja wanapungua. Hata mkwe wangu ameacha, eti tumbo. Nikasema leo niende mwenyewe nikaone hawa wa vioo wana nini. Kile cha kwanza sikukielewa. Cha pili nikakielewa. Halafu moyo ukaanza."

Fundi akaelewa. Hakuna ugonjwa wowote pale. Mwanamke wa miaka sitini na ushee ameipiga kahawa yake ya kwanza duniani, vikombe viwili kwa mpigo, tumbo tupu! Angeweza kusema maji mengi, alale mapema, akaondoka zake. Lakini watu walikuwa wamemkodolea macho, wanasubiri apime kitu, na daktari asiyepima ni daktari gani? Mikono ikaenda mfukoni yenyewe, ikatoka na tepu. Akamzungushia Mama Mkwe mkononi, juu ya kiwiko, kama alivyoona wanavyofanya zahanati.

"Kumi na tatu na nusu," akatangaza.

"Imepanda!" kijana wa kompyuta akasema.

"Imepanda sana," mzee mmoja akaongeza, wala hakuulizwa.

Mama Mkwe akafungua jicho moja. "Kumi na tatu na nusu?" akasema. "Hicho ni kipimo cha mkono wa gauni langu." Akafungua la pili. Akaitazama tepu, akapandisha macho taratibu mpaka usoni kwa aliyeishika.

Ndugu yangu, kuna kushikwa na kuna kushikwa.

"Shikamoo, mama," Fundi akasema.

Mama Mkwe akakaa kitako palepale sakafuni, moyo ameusahau. Hakupiga kelele. Laiti angepiga kelele! "Hilo ndilo tumbo lako?" akauliza polepole. "Na huyo daktari aliyekukataza ndiye wewe?"

"Nisamehe, mama."

"Sitaki msamaha, nataka jibu. Kahawa yangu ikoje?"

Fundi aliiona cherehani yake upande wa pili wa barabara, juani, karibu na kile kigoda cha fundi viatu. Aliwaona watoto wake wawili na ada zao. Kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa lilikuwa jambo jepesi, amelifanya miaka kumi na mmoja. Lakini mama wa watu alikuwa amekaa sakafuni, mtandio umemwangukia begani, anamwangalia kama mtu aliyekuja hospitali kweli. Akashindwa kumdanganya.

"Imeungua, mama."

"Leo?"

"Tangu siku nilipokuja kuposa."

Mashine yenyewe iliacha kupuliza. Mama Mkwe akapepesa macho, akasema, si kwa Fundi, wala si kwa mtu yeyote: "Lakini marehemu ndiye aliyekuwa ananionjea. Siku ya kwanza nilipokaanga, alionja, akaniambia hapo hapo, mke wangu, usibadilishe kitu. Na mimi sikubadilisha kitu." Akaurudisha mtandio kichwani. "Alikuwa anakunywa vikombe vitatu kila asubuhi."

Akainuka bila kushikwa mkono, akashika njia. Fundi akamfuata nyuma na mkoba wake. Mitaa yote mitatu Fundi alikuwa anahesabu sehemu za kuhamia. Chini ya ngazi za posta kuna kivuli mpaka saa tano. Nje ya duka la rangi, labda, kama mwenye duka hana roho mbaya.

Barazani wateja walikuwa wamejaa benchini. Kinyozi wa jirani alikuwa katikati ya stori, akaikata alipoona sura zile. Mama Mkwe akaenda moja kwa moja kwenye cherehani, akaishika kwa mikono miwili. Fundi akafumba macho. Akasikia miguu ya chuma ikikwaruza sakafu, mara moja, ikanyamaza. Alipofumbua, cherehani ilikuwa imesogea shubiri moja tu, na Mama Mkwe alikuwa amepita nyuma yake kufikia birika.

Akajimiminia kikombe. Cha kahawa. Benchi zima likaacha kupumua.

Akanywa. Uso wote ulikimbilia katikati, macho yakapotea, shingo ikaingia mabegani. Akashika ukingo wa meza, akameza kwa nguvu kama anayemeza jiwe. Halafu akakaa, anahema, machozi yanamtoka, na hakuna aliyejua kama analia kwa uchungu wa kahawa au kwa nini.

"Mwongo," akasema. "Mwongo mkubwa yule mwanamume." Na akaanza kucheka, akacheka mpaka mtandio ukaanguka chini. "Vitatu! Miaka kumi na tisa! Na hakunikunjia uso hata siku moja!"

Kinyozi akataka kusema kitu cha kumpoza, Mama Mkwe akamnyooshea kidole. "Wewe nyamaza. Nyinyi wote mlikuwa mnageukia barabarani, nilidhani mnaangalia wanawake." Kisha akamgeukia Fundi. "Na wewe, cherehani haiendi popote. Kesho tunakwenda wote kwa yule dada wa mashine, anifundishe anakaanga vipi. Na ukinidanganya tena, hata uongo wa urefu wa sindano, utashonea barabarani. Na kamwite yule fundi viatu arudi kivulini, maskini wa Mungu."

"Ndiyo, mama."

Fundi alidhani sasa Mama Mkwe angemwaga ile iliyobaki. Badala yake aliinamisha kikombe, akakimaliza mpaka kwenye masira, ule ungaunga wa chini, uso wake ameulazimisha utulie. Kikombe kilikuwa kinamgonga meno.

"Mama, basi," Fundi akasema. "Moyo wako bado unakwenda mbio."

"Uache uende," Mama Mkwe akajibu. Akajimiminia cha pili, akalisogeza birika karibu naye, maana cha tatu kilikuwa bado.