Mnyapara Hukaa Mkiani

Siku Halfani alipovikwa kofia ya unyapara kwenye mashamba ya karanga ya Nachingwea, mama yake, Bi Sikuzani wa Chunyu, alipiga vigelegele. Baba mzazi wa Bi Sikuzani naye alikuwa mnyapara, enzi za misafara.

"Neno hilo lilishuka na wapagazi wa Kinyamwezi," alimwambia mwanawe. "Kwao mnyampara ni mzee wa watu. Babu yako alitembea mkiani mwa msafara. Mpagazi akiugua, mzigo anaupokea yeye. Chakula anakula mwisho. Usituaibishe."

Halfani akaenda kazini na neno hilo kama alivyokabidhiwa.

Mvua zilipokatika, Kaimu, kaka wa mkewe, alishikwa na homa katikati ya kazi ya kung'oa visiki. Kibarua aliyekutwa amekaa alikuwa akifukuzwa siku ileile, na nyumbani kwa Kaimu ghala lilikuwa tupu.

"Kaa hapo kwenye kivuli cha trekta," Halfani alimwambia. "Lete shoka."

"Mlamu, utaichafua kofia."

"Basi ivae wewe. Kichwa chako kinatoa moshi."

Akamvika, akampa na fimbo aishike, akainama kwenye kisiki. Vibarua wakacheka. "Leo mnyapara kapata mnyapara!"

Kicheko kikakatika ghafla. Gari la bwana msimamizi lilikuwa limesimama nyuma yao. Mzungu yule alikuwa hazijui sura zao. Alichojua ni kofia.

"Wewe mnyapara! Kwa nini umekaa? Simama mbele, uwaangalie!"

Halfani akabaki ameinama kisikini. Akisema mnyapara ni yeye, basi Kaimu ni kibarua aliyekaa.

Kaimu akasimama juani. Fimbo aliichomeka ardhini, akaiegemea kwa mikono miwili, meno yakigongana.

"Vizuri," alisema bwana. Lakini hakuondoka. Akaegemea gari, akatoa kiko.

Halfani alikuwa mkiani, mahali pa babu yake hasa, na shoka la mgonjwa mikononi. Akalishusha kisikini, akalinyanyua, akalishusha.

"Mlamu," Kaimu aliita kwa sauti ndogo, bila kugeuka. "Na mzigo huu nipokee."

"Huo haupokeleki, mlamu. Simama tu."

Bwana akakishindilia kiko tumbaku taratibu, akaanza kutafuta kiberiti.