Upande wa Ndiyo

Kosa ni langu, na ninalisema mwenyewe kabla majirani hawajalisema vibaya zaidi. Jina langu ni Casimir, mwalimu wa sekondari huku Kampemba, katika mji wetu wa migodi. Kila Ijumaa wanafunzi wangu hufanya mjadala, na kabla ya mjadala hutia mkono ndani ya kopo la maziwa ya unga lenye karatasi za Ndiyo na za Hapana. Ukiokota umeokota. Sheria hiyo niliitunga mimi na niliringa nayo mno. Nilikuwa nikiwaambia kwamba mwenye akili hutetea hata asichokiamini.

Swali la Ijumaa ile lililetwa na Monsieur Dominique, mtu mpole wa kampuni ya madini iliyotuwekea paneli za jua juu ya paa la shule. Dunia inaacha mafuta, inataka magari ya betri. Je, mitaa yetu ihame ili kobalti iliyo chini yake ichimbwe? Au tukatae, tutegemee umeme wa mito na jua? Aliomba pia tujadili kwa Kiswahili badala ya Kifaransa, “juu batoto basikie muzuri.” Mimi, mjinga, nikafurahi kwamba anaipenda lugha yetu. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Akakaa dawati la nyuma, simu mkononi.

Chilufya, msichana mwenye ulimi kuliko wote darasani, aliokota Ndiyo. Akaja mezani kwangu akinong'ona.

“Prof, tafazali, nibadirishe na Jeannot. Kambo yangu anaikala kule. Nyumba yake banaisha kuandika numéro.”

Nilizijua namba hizo za nyumba zinazotakiwa kuhama. Zilikuwa zimeonekana asubuhi moja ukutani, nyekundu, nyumba hadi nyumba, na hakuna aliyemwona mchoraji. Nilijua pia kwamba huyo kambo, yaani bibi yake, Mama Mapalo, ndiye aliyemlea Chilufya na kumsomesha kwa kuuza kinywaji cha munkoyo sokoni. Hata hivyo nilitaka kuchekesha darasa.

“Karatasi haijuake kambo ya muntu,” nikamwambia.

Walicheka. Chilufya hakucheka. Alisimama, akakunja ile karatasi, akaanza kusema.

“Jua ikizama, taa inaomba betri. Betri inaomba kobalti, na kobalti iko chini ya nyumba yetu. Kule ku maternité bamama banazala mu giza. Tutakatala juu ya nini? Nyumba, bantu banaweza kujenga ingine. Mapafu ya batoto yenye kuharibika na moshi ya mafuta, nani atajenga ingine?”

Jeannot alijibu kuhusu mito, akababaika, akakaa. Darasa lilipiga meza kwa shangwe. Nikaandika ubaoni kumi na nane juu ya ishirini, alama ambayo sijawahi kumpa mtu. Monsieur Dominique, aliyekuwa ameinua simu wakati wote wa hotuba, alipiga picha ubao pia. Hapo nilishuku kitu, nikajikanya. Paneli zilikuwa juu ya paa letu, ningemuuliza nini?

Jumapili, baada ya misa, Chilufya alikuja mbio hadi kwangu, mtaa wa Bel-Air, kiatu kimoja mguuni.

“Prof, kuya! Banapita na haut-parleur!”

Tulikimbia. Kabla hatujafika kwenye mtaa wa bibi yake tuliisikia sauti, kubwa kuliko kengele za kanisa: *Nyumba, bantu banaweza kujenga ingine.* Ilikuwa sauti ya Chilufya. Ikafika mwisho, ikaanza tena. Msichana alisimama katikati ya barabara, akaziba masikio. Niliogopa, nasema wazi, niliogopa kama mtoto.

Kipaza sauti kilikuwa juu ya gari la kampuni. Chini yake meza, karatasi za kukubali kuhama, kidau cha wino. Watu wa mtaa walikuwa wamekataa miezi mitatu, na Mama Mapalo ndiye aliyewashika wasilegee. Sasa walikuwa wamepanga mstari, na yeye alikuwa ametoka mbele ya mstari, kidole gumba cha bluu. Alipomwona mjukuu wake, uso ulimng'aa.

“Minakusikia, mutoto yangu! Ulisema muzuri. Nikasema, kama mutoto ya masomo anasema tutoke, miye minajua nini? Njo maana nikatia kidole.”

“Kambo, haikuwa mawazo yangu!” Chilufya alilia. “Ni karatasi tu! Prof, umuambie!”

Nikamweleza. Nilisema kuhusu kopo, Ndiyo na Hapana, kwamba mtoto hupewa upande na kuutetea, kwamba hayo ni mazoezi tu. Monsieur Dominique, aliyesimama kando ya meza, aliinua simu yake, akawaonyesha watu ubao wangu, na ile kumi na nane kwa mwandiko wangu. Mstari ukasogea hatua moja mbele.

Mama Mapalo alinigeukia. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo.

“Prof,” akasema, “minauzisha munkoyo miaka kumi na mbili juu mutoto ajue kusema kweli kunishinda. Sasa weye ulikuwa unamufundisha kudanganya?”

Kisha akaanza kufuta kidole chake kwenye kitenge, akifuta na kufuta, na wino haukutoka.