Milango Inayotaka Kubishwa Upesi

Jana mchana usingizi ulinishinda mezani pa Bi Shekilindi, karani wa shule moja ya sekondari huko Lushoto, nikaota niko ndani ya kompyuta yake. Wiki nzima nilikuwa nikimfundisha kuutumia mfumo huria wa kompyuta tuliouweka shuleni. Orodha yake ya watahiniwa themanini na sita ilikuwa imepotea humo, na ilitakiwa ifike wilayani kabla ya saa kumi. Bila orodha, watoto wasingefanya mtihani.

Kompyuta kwa ndani ni ukumbi mrefu wenye milango midogo, kila mmoja umechorwa picha. Bi Shekilindi yumo, mkoba begani. Anabisha mlango wenye picha ya folda. Anangoja. Anabisha tena.

"Umechelewa," mlango unasema. "Kubisha ni mara mbili, upesi."

"Mwanangu, nani abishe upesi nyumba ya watu? Unabisha, unawapa nafasi wajitande kanga."

"Humu hakuna mwenye kanga, mama."

"Ndiyo maana hamna adabu."

Ninabisha mimi, upesi. Mlango unafunguka, ndani mna ukumbi mwingine, na milango ni ileile. Tunatembea. Miguu inauma kwa namna ambayo miguu ya ndotoni haipaswi kuuma.

Kisha ukumbi haupo. Tumeketi mbele ya dirisha jeusi lenye kijistari kinachopepesa.

"Amri," linasema Dirisha.

Bi Shekilindi anaandika: Naomba unitafutie orodha ya watoto wangu.

"'Naomba' siijui."

"Huijui vipi? Umelelewa na nani wewe?"

"Na wahandisi."

Ninaingilia kati, kama nilivyozoea darasani. Ninaeleza kwamba picha humwonyesha mgeni kile tu walichomchagulia wengine, ilhali amri humpa uhuru.

Bi Shekilindi ananitazama kwa huruma. "Mwalimu, mimi sitafuti uhuru. Natafuta watoto themanini na sita."

Nimezichoka hoja zangu mwenyewe.

"Uliiandika lini, mama?" ninamuuliza.

"Ijumaa, baada ya chai."

Hiyo inatosha. Ninamtajia amri ya kutafuta mafaili ya Ijumaa, herufi moja moja, naye anaiandika kwa kidole kimoja. Dirisha linanyamaza.

"Limenuna?"

"La, mama. Likitii, halisemi kitu."

"Hata mtoto akitumwa huitika," anasema, na anaendelea kulitazama kwa subira ya mtu aliyelea wengi, mpaka Dirisha linaanza kuona haya.

Niliamka saa tisa na nusu. Bi Shekilindi alikuwa bado hajarudi kutoka kuswali. Kwenye skrini yake palikuwa na dirisha la amri ambalo sikulifungua mimi, na ndani yake majina, themanini na sita.

Niliyatuma wilayani kwanza. Ndipo niliposoma mstari uliokuwa chini ya jina la mwisho, mahali ambapo mashine hupaacha patupu:

Pole kwa kungoja, mama.