Mkono Shingoni

Tangu afiwe na mumewe, Zuwena alikuwa hajaandaliwa chakula na mtu mwingine. Kwa hiyo Nasoro, mwuza nguo aliyehamia Rumonge kutoka Ujiji, alipomwalika wakale kwa Mama Batuli, alikubali kabla hajajiuliza sababu. Nasoro alikuwa mtanashati, kanzu yake haikosi kufuliwa. Kila siku ya soko alipita kwenye mitungi ya mawese ya Zuwena, akamsalimu kwa upole, akanunua mafuta ambayo mwanamume asiye na jiko hana haja nayo. Wanawake wenzake walikwisha anza kumtania.

Mama Batuli aliwapikia wasafiri na wachuuzi nyumbani kwake, karibu na ziwa. Siku hiyo, baada ya alasiri, aliwatandikia mkeka mpya barazani, akasimamisha jamvi ili wapita njia wasiwaone, kisha mwenyewe akakaa jikoni, pale anapoweza kuwaona, maana hakutaka maneno ya watu.

Nasoro alikuwa ameahidi karamu. Kilicholetwa ni wali uliounguzwa na jogoo mzee aliyekataa meno.

"Mutanisamehe, wanangu," alisema Mama Batuli. "Kuni iko mbichi."

Zuwena alicheka, akitumaini Nasoro naye atacheka. Hakucheka, wala hakula. Alikuwa akimtazama Zuwena anavyotafuna.

"Bi Zuwena, unalala vizuri?"

Alidhani ni mlango wa maneno matamu. "Nalala kama watu wote."

"Na mchana? Usingizi haukuchukui pale sokoni?"

"Nikisinzia, nani ataniuzia mafuta yangu?"

"Na kichwa je, hakikuumi?"

Zuwena alirudisha tonge sahanini. Mwanamume anayekutaka huuliza unapenda nini. Huyu alikuwa anauliza unaumwa nini, na miaka ile pwani nzima ya ziwa ilijua ni watu gani wanaouliza hivyo. Malale yalikuwa yamemaliza nyumba nyingi. Wadachi walihamisha vijiji vilivyokuwa karibu na vichaka vya mbung'o, wakajenga kambi, na daktari wao akawachoma watu sindano. Wako waliopona. Wako waliopofuka. Tena walikuwapo watu wa kazi moja tu, kupita vijijini wakipapasa shingo, kwa sababu ugonjwa huanza na vinundu kisogoni. Aliyekutwa navyo alichukuliwa. Uledi, kaka yake Zuwena, alichukuliwa hivyo, na siku alipomwona jirani yake wa kambini akiongozwa kwa mkono kwenda chooni, alitoroka. Alipo, walijua wawili tu: Zuwena na shangazi yao Mariyamu, aliyemficha kwake milimani.

"Nimekuletea kitu," alisema Nasoro, akatoa shanga nyekundu kifuani mwa kanzu. "Niruhusu nikuvishe."

Alipiga magoti nyuma yake. Uzi ulikwisha fungwa, lakini vidole havikuondoka. Vilishuka nyuma ya masikio, vikaingia kisogoni, vikabonyeza taratibu upande huu, kisha upande ule, kama mtu anayetafuta kokwa ndani ya tunda. Zuwena aliwahi kushikwa na mume aliyempenda. Mkono huu haukuwa wa mapenzi. Ulikuwa unaijua njia.

"Umepata?" aliuliza bila kugeuka.

"Nimepata nini?"

"Unachotafuta."

Nasoro alirudi kukaa mahali pake. Akasema, "Shingo yako iko safi."

"Kumbe nguo si kazi yako."

"Nguo nauza. Na kambini natumwa pia, sikatai. Lakini mke wangu alikufa kwa malale, Bi Zuwena. Nilimwoa sijui, nikamzika sijui la kufanya. Sikutaka yanikute tena. Ndiyo maana nikakushika."

Macho yake yalilengwa na machozi. Angeishia hapo, huenda Zuwena angemwamini. Lakini aliendelea.

"Sasa nataka kukuposa kwa heshima. Baba yako ni marehemu, walii wako ni kaka yako. Niambie Uledi yuko wapi, nikamwone."

Zuwena hakuwahi kumtajia Nasoro jina la Uledi.

Alikunywa maji kwanza, ili sauti isimsaliti. "Ni kweli, ndoa bila walii haifai. Uledi yuko kwenye kijiji kilichohamwa, njia ya Nyanza, kusini. Kimebaki kibanda kimoja chenye paa. Lakini uende peke yako. Akiona watu ataogopa."

"Peke yangu," Nasoro aliahidi.

Zuwena alipoaga, Mama Batuli alitazama sahani. "Umekula kidogo sana, mutoto wangu."

"Nimeshiba, mama. Murakoze," alishukuru Zuwena.

Asubuhi hakupanga mitungi mahali pake pa siku zote. Aliipanga mwisho wa soko, kwenye njia ya kusini. Alikuwa ametayarisha maneno: Nasoro akipita peke yake, atamwita, atamwomba radhi, atamwambia ukweli wote. Jua halijapanda, Nasoro alitokea. Nyuma yake walikuja askari wawili wenye kamba, na wapagazi waliobeba machela tupu. Alimwona Zuwena, akatazama mbele. Zuwena aliendelea kuuza mafuta hadi soko likavunjika, asije akaulizwa na mtu, kisha akashika njia ya milimani.

Alimkuta Uledi amelala juani, tonge la ugali bado liko mkononi.

"Siku hizi ni hivyo," alisema shangazi Mariyamu. "Hata ukimwita."

Walimhamishia mbali zaidi, kwa watu wa Mariyamu, na huko alifariki kabla ya mvua, kati ya ndugu zake, akizitambua sauti zao. Pengine sindano ingemponya. Pengine ingempofusha. Zuwena hakujua, na hakuna aliyeweza kumwambia.

Msiba ulipopoa, Nasoro alimtuma Mama Batuli. Nasoro alikuwa amehamishiwa kituo kingine, alisema mama huyo, naye alitaka kujua kama posa yake bado inasikilizwa.

Zuwena aliendelea kuchuja mawese. "Amesema anataka mke, au anataka kujua Uledi amezikwa wapi?"

Mama Batuli alifikiri. "Aliuliza yote mawili."

"Basi mwambie hukunikuta."