Dawa Aliyokunywa Mwanamina

Enzi hizo za Mwingereza, Sadallah alipotoka kupasuliwa Dar es Salaam, alianza kukaa zaidi kwenye kambi ya wakata boriti kuliko nyumbani kwake. Sababu aliijua mwenyewe. Kule deltani, ndani ya mikoko, hakuna mtu mwenye shuka kavu kiunoni. Maji yanajaa, tope linafika mapajani, nani atajua nani kalowa kwa bahari na nani kwa mkojo?

Hospitali walimtoa tezi dume yenye kansa. Daktari Mzungu akasema, dresa, msaidizi wake, akafasiri: "Mzee, uhai umeupata. Ila mkojo utakuponyoka, ukikohoa, ukiinua mzigo. Na yale ya chumbani pengine hayatarudi. Kamweleze mama nyumbani, msije mkalaumiana."

Akaitikia vizuri. Lakini aliposhuka kwenye lori pale Kibiti tayari alikuwa na maneno mengine mdomoni. Mkewe, Mwanamina, alipomsogelea chumbani, kwa aibu akasema: "Daktari kasema ugonjwa huu umetoka kwako. Tumbo lako chafu. Nisikuguse mpaka usafike."

Alidhani neno litaishia mle chumbani. Likamfikia dada yake, Mwajabu, na Mwajabu akaingia porini kuchimba mizizi ya kumsafisha wifi yake. Miezi saba Mwanamina alikunywa kata nzima kila asubuhi, chungu kupita shubiri. Kisimani wenzake wakawa wanamsubiri aondoke ndipo wachote. Na shuka za mumewe zenye kunuka aliendelea kufua, hasemi kitu. Hilo ndilo lililomla Sadallah. Kila alipopewa shuka safi, imekunjwa, alikimbilia kambini.

Siku moja Kondo, mkata boriti mwenzake, akarudi kambini kutoka kijijini.

"Sadallah! Bado umo humu? Utaota mizizi, tukukate na wewe tukuuze!"

"Nifanyeje, kazi haijesha."

"Haya, kata. Mkeo kaanguka kisimani juzi, kabebwa. Dada yako anafurahi, anasema uchafu ndio unatoka. Mimi nimemwona, bwana. Kabaki macho tu."

Sadallah akatupa shoka. Maji yalipojaa akapanda mtumbwi.

Nyumbani alimkuta Mwajabu kashika kata, kaisogeza mdomoni kwa mgonjwa. "Kunywa, wifi. Mumeo huyo karudi, kaza moyo."

"Dada, mwaga."

"Nimwage? Dawa niliyoichimba nikaponea chupuchupu kuumwa na nyoka?"

"Mwaga. Huyu hana kitu. Mwenye kitu ni mimi."

Akasema yote, mkojo, chumba, maneno ya dresa. Katikati akakohoa, shuka ikalowa mbele yao. Humo ndani hakukuwa na bahari ya kusingizia. Mwajabu akajiziba mdomo kwa kanga, akatoka, viatu akaviacha mlangoni.

Mwanamina akajiinua, akakaa.

"Mkojo nilijua," akasema. "Nani anakufulia? Hilo la chumbani ungeniambia, tungekaa. Tumezaa, tumelea, tungezungumza tukalala. Miezi saba, Sadallah! Nimetapika mpaka nyongo."

Siku zote alimwita Baba Husseini. Leo hakumwita hivyo.

"Nisamehe, mke wangu. Nilikuwa naona haya."

"Haya zako nimezinywa mimi. Saa hizi wenzangu wako kisimani. Nenda kawaambie."

"Kisimani? Kwa wanawake? Basi ngoja nibadili shuka."

"Nenda hivyo hivyo."

Akaenda. Jua lilikuwa kali, njia kavu, hata dimbwi la kukanyaga hakuliona. Nyuma yake alisikia fimbo ikigonga ardhi. Mwanamina alikuwa akimfuata, hatua mbili, anapumzika, hatua mbili tena. Sadallah alitaka kumshika mkono, akaogopa kugeuka.

Kisimani wanawake wakaacha kuvuta maji. Johari, mke wa Kondo, akaanza kucheka, akamwona Mwanamina, akanyamaza.

"Mke wangu hana ugonjwa," Sadallah akasema, macho chini. "Nilimzulia. Mgonjwa ni mimi, na hii mnayoiona ndiyo hali yangu."

Ndoo moja ikapinduka, na mwenyewe hakuiinua.

"Sema kwa sauti," Mwanamina akamwambia, kaegemea fimbo yake. "Wale wa upande wa pili hawajasikia."